Kilichofuata Damu na Kilichofuata Ng'ombe

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kuitawanya. Mnasikia kimya hicho huko nje? Ni Ngeleja, yule Msukuma mwenye karasha chini ya kilima. Asubuhi nilimtumia salamu kwamba bibi ana maneno na watu wake, naye akazima mashine yake ya kusaga mawe ingawa wachimbaji wamepanga foleni na viroba vyao. Tangu rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo, ilipoingia hapa Kisaka sijawahi kuwasikia kuku wangu mchana. Basi kama mtu asiye wa ukoo, aliyekuja kutafuta riziki, ameweza kuninyamazia, nanyi niheshimuni kiasi hicho. Asinikatize mtu mpaka nimalize, hata wewe, shemeji Kornelio, ingawa najua ulimi utakuwasha.

Waisiko, niinue kidogo. Mto uweke mgongoni. Hapo, asante mkamwana wangu.

Mimi Wankuru, mke wa marehemu Magige, nasema nikiwa na akili timamu. Miguu imekufa, mikono inanisaliti, jicho moja ni kiza, na kifua kimejaa tangu juzi kama chungu kilichoachwa kwenye mvua, lakini kichwa ni kizima. Naanza na mali, kwa sababu mali ndiyo mnayoifikiria hata ninyi mnaofuta machozi. Shamba hili, kuanzia kwenye mikonge hadi lile jiwe kubwa la kunolea mapanga, pamoja na mwamba wa dhahabu unaopita chini yake, ni la nyumba yangu, na mrithi wa nyumba yangu ni Wangwe. Ng'ombe walio zizini ni wa nyumba yangu, na mrithi wake ni Wangwe. Waisiko atakaa chini ya bati hili mpaka Mungu amwite, na atakayemwambia arudi kwao nitamfuata usingizini. Ngeleja mwacheni achimbe kama tulivyopatana, msimfukuze siku mtakayomwona mtu wa mjini mwenye gari na miwani. Huyo Msukuma alinibeba mgongoni mpaka barabarani wakati wenye ukoo mlikuwa mnatafuta machela.

Nimeshasema la mali, na mnaona halikuwa refu. Lililoniweka hai mpaka leo si hilo.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Vijana wa siku hizi mnaona haya kuitaja nyumba ntobhu mbele ya wageni, mnadhani ni ushamba, lakini ninyi nyote mnaokula ugali katika boma hili mmeulisha mdomo kwa sababu yake. Magige alinifia nikiwa na mtoto mmoja tu wa tumbo langu, Agustina huyu hapa, na nyumba isiyo na mwana wa kiume kwetu ni moto usio na mtu wa kuuchochea. Agustina akakua, akaolewa na watu wa Ikoma, wakaleta ng'ombe. Ng'ombe wale hawakumaliza hata msimu mmoja zizini. Niliwatoa nikaiolea nyumba yangu mkamwana, mke wa mwana wa jina tu ambaye sikumzaa, kama wanawake wa kwetu walivyofanya tangu enzi za bibi zetu. Mkamwana huyo ni Waisiko. Na aliyewaswaga ng'ombe wale mpaka kwa baba yake Waisiko ni wewe, Kornelio, ulirudi na vumbi mpaka kwenye kope, unaimba, umelewa, umepoteza kiatu kimoja. Nakukumbusha kiatu hicho kwa sababu nitakihitaji mbele.

Waisiko akanizalia mjukuu, Wangwe. Mbegu ilitoka wapi? Swali hilo kwetu haliulizwi. Mtoto hufuata ng'ombe, na aliyewahi kuuliza, wazee wa ukoo walimtoza mbuzi akanyamaza. Kuzaa si kazi, kazi kulea, nami nililea. Nilimbeba huyu mgongoni wakati mgongo wangu ulikuwa bado ni mgongo.

Sasa niwaambie habari ya maradhi yangu, maana kila mtu ameshaisimulia isipokuwa mimi. Yalianza na jicho. Wakati huo Wangwe alikuwa anachunga ndama, na hakuna mchimbaji aliyekuwa amekanyaga kilima hiki, kwa hiyo mnaosema ni zebaki ya wachimbaji, fungeni midomo. Jicho la kushoto liliuma kila nikiligeuza, likaingia ukungu, nikawa kama natazama kupitia moshi wa jikoni. Nikatia majani, likafunguka lenyewe, nikayashukuru majani. Msimu mwingine ikawa ganzi, kutoka unyayoni mpaka kiunoni, ikakaa, ikaondoka. Kisha nikawa nikiinamisha shingo kupalilia, umeme unashuka mgongoni mpaka kwenye vidole. Nikioga maji ya moto miguu inalegea, Waisiko ananitoa bafuni amenishika kwapani tukicheka wote wawili, maana mwanzoni tulikuwa tunacheka. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, kwetu una jina moja tu, kwamba kuna mzimu anadai kitu, na mizimu ya ukoo huu haina adabu, ukiipa mbuzi inataka kondoo. Tulichinja. Ninyi mlikula nyama, mimi nikaendelea kuanguka.

Niliposhindwa kufika chooni kwa miguu yangu, ndipo Ngeleja aliponibeba, nikapelekwa Mwanza kwenye hospitali kubwa. Kornelio akafuatana nami, kama inavyompasa mdogo wa marehemu. Wakaniingiza ndani ya bomba la mashine inayopiga kelele kuliko karasha, nikatoka nimechoka sina neno hata moja kinywani. Daktari alikuwa binti mmoja mpole, Juliana. Akamweleza Kornelio kwamba ugonjwa wenyewe wao huutaja kwa herufi mbili tu, emu-esi, na kwamba ni nadra kwa watu wa kwetu, ndiyo maana hakuna aliyeujua. Askari wa mwili wenyewe wamekosea adui, wanatafuna maganda ya mishipa ya fahamu kama panya anavyotafuna waya wa umeme, na taa za mwili zinazima moja baada ya nyingine. Kisha akauliza kama wanavyouliza madaktari wote: katika familia yake kuna mwingine aliyekuwa hivi, na watoto wake ni nani?

Hapo, wanangu, ndipo kosa lilipoingia, kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya, na alilifanya kwa moyo mweupe kabisa. Kornelio alijibu kama mzee wa Kikurya anavyohesabu familia. Akasema ndiyo, yupo mwingine, mama mkwe wa mgonjwa, alikufa miguu yake imekufa. Akasema mtoto wa nyumba ni mmoja, kijana anaitwa Wangwe. Agustina hakumtaja. Amtaje kwa nini? Agustina aliolewa, ng'ombe wake walishakuja, yeye ni wa watu wa Ikoma. Daktari hajui habari za ng'ombe, akadhani anaambiwa habari za uzazi. Akasema basi huyo kijana aangaliwe, maana kuna kitu kinatembea katika damu.

Kornelio akarudi na neno hilo, akalitua kilabuni kabla hajalitua hapa nyumbani. Usiiname, shemeji, sikulaumu, nasimulia. Ikawa ugonjwa uko kwenye nyumba ya Wankuru: mama mkwe, kisha mkwe, sasa zamu ya Wangwe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wakasema. Neno likapanda gari mpaka Tarime, likashuka Nyamisangura mlangoni kwa Method, ambaye binti yake Specioza, mchumba wa Wangwe, alikuwa ameshaanza kuniita bibi, amekaa kwenye kitanda hiki akinikata kucha. Method akatuma watu, wakaja kwa adabu, wakanywa chai yetu, wakasema tunawaheshimu sana, lakini hatuwezi kumpeleka binti kwenye nyumba ambayo watu wanakauka miguu.

Wangwe, mura wangu, kijana wangu, wewe uliwasindikiza wageni mpaka langoni kwa adabu. Lakini mtu aliyelala mchana kutwa anautazama mlango huona mengi. Nimekuona umekaa kizingitini unajichoma vidole vya miguu kwa mwiba, kuona kama vinasikia. Nimekuona ukifumba jicho moja, kisha la pili, ukikitazama kilima. Ulipoacha kutaja harusi nilidhani ni hasira za Method, kumbe kijana mzima mwenye mabega kama mlango umekaa unasubiri kukauka. Niliumia, mjukuu wangu. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa mwili huu.

Nipe maji, Waisiko. Kidogo tu, yasinipalie.

Mwaka jana nilirudi Mwanza, safari hii na Waisiko. Daktari Juliana akaniuliza, yule kijana macho yake ni mazima? Nikanyamaza, maana kinywa changu kinaijua sheria. Waisiko akapiga magoti palepale sakafuni, watu wanatutazama. Akaniambia, "Mama, tangu nilipoingia kwako sijafungua mdomo juu ya jambo hili. Leo niruhusu nimwokoe mwanangu." Nikamwambia, "Sema." Akasema, "Daktari, huyu mama ni bibi wa mtoto wangu, lakini mwanawe aliyenioa hakuwahi kuzaliwa." Yule binti wa watu akaweka kalamu mezani akatutazama kama wendawazimu. Ilituchukua muda kumweleza habari za ng'ombe. Akacheka, kisha akafuta macho, sijui ni mafua. Ndipo akaanza kuuliza upya, na safari hii aliuliza vizuri: wewe ulizaliwa na nani, mama yako alizaliwa na nani pamoja, na tumbo lako limemzaa nani.

Nikamkumbuka mama yangu mdogo kule Sirari. Alikuwa akiyumba njiani kama mlevi wala hajawahi kuonja pombe, na jicho lake moja lilizima bado ni msichana. Mimi nilikuwa mtoto, tulikuwa tunamwiga tukicheka. Nikamtaja. Na mama mkwe? Nikamwambia mama mkwe alipigwa teke la kiunoni na ng'ombe wakati wa kukamua, ukoo mzima unajua, na ng'ombe mwenyewe tulimla. Daktari akamwondoa kwenye hesabu.

Sasa sikilizeni alivyotueleza, nami nawapa kama nilivyoelewa. Tunapozaliwa, kila mmoja huchukua kwa mama na kwa baba chembe ndogondogo zinazotofautiana mtu na mtu, ndizo zinazomfanya huyu awe mrefu na yule awe na pua ya Kornelio. Baadhi ya chembe hizo huwafanya askari wa mwili wawe wepesi kukosea adui. Hakuna chembe moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema huu ndio ugonjwa. Ziko nyingi, kila moja ina nguvu kidogo, na hata ile inayozizidi nyingine haitoshi peke yake, wengi wanaoibeba huzeeka wakicheza ngoma. Mimi nilielewa kwa mawe ya Ngeleja. Mawe mengi ya kilima hiki yana vumbi la dhahabu, ukisaga utaliona likimeta kwenye karai, lakini si kila jiwe ni mwamba. Hata ugonjwa huu, lazima chembe zikutane nyingi, kisha kitu cha nje kipite, homa fulani ya utotoni, moshi wa sigara, na mengine ambayo wao wenyewe bado wanayatafuta. Katika watoto mia wa wagonjwa kama mimi, alisema, wawili au watatu ndio watakaoupata. Kwa hiyo si laana, na wala si zamu.

Nafika sasa kwenye neno ambalo kwetu halisemwi. Nalisema mimi mwenye nyumba, kwa kinywa changu, mara moja, na nitaondoka nalo, asilirudie mtu. Wangwe, maradhi haya hutembea na damu, na damu yangu haimo mwilini mwako. Chembe zangu hukuzichukua, mura. Hukuwa na njia ya kuzichukua. Tupa huo mwiba. Oa.

Tulieni! Nimesema asinikatize mtu. Waisiko, usilie, hakuna aliyekuvua nguo. Najua baadhi yenu hapa mmeinua vichwa kama mbwa aliyenusa nyama. Tangu mwamba ulipoonekana kwenye shamba hili nimekuwa najua kwamba siku nitakapolisema neno hili mtu atasema, kumbe, basi si wa kwetu, na shamba lirudi kwa wana wa Kornelio. Ndiyo maana nimelala na ulimi umefungwa mwaka mzima, huku kijana anajichoma miiba, nikipima kipi kibaya zaidi, kumwacha aogope au kumwacha wamnyang'anye. Nimepima, na nimekataa vyote viwili. Waswahili wanasema damu nzito kuliko maji. Sawa, lakini hawajawahi kuipima na ng'ombe. Damu inabeba maradhi, inabeba pua, inabeba sauti. Jina halibebwi na damu, wala shamba, wala moto wa nyumba. Hayo hufuata ng'ombe, na ng'ombe waliswagwa na Kornelio mwenyewe. Shemeji, kile kiatu ulichokipoteza njiani ndio ushahidi wangu. Siku mwanao atakaposema Wangwe si wa boma hili, utavua cha pili umpige nacho. Niitikie. Sema kwa sauti, kifua changu kinavuma, sisikii vizuri.

Haya. Nimesikia, na wote wamesikia. Asante, shemeji. Tumegombana miaka mingi, hata sikumbuki tulianza na nini, nadhani ni ndama, lakini hujawahi kunidanganya. Kesho kutwa utapanda gari uende kwa Method. Ulilibeba neno la kwanza, libebe na hili la pili. Mwambie kijana ni mzima, na Specioza kama bado anamtaka aje. Huna haja ya kumweleza zaidi. Ng'ombe wataongea.

Nilaze kidogo... La, niache hivyohivyo, nikilala sitaamka kumaliza.

Agustina.

Njoo hapa, kaa kitandani. Umekaa kule pembeni na kanga mdomoni, unamlilia mama, unamwonea huruma mpwa wako. Unafikiri maneno haya yote ni ya Wangwe. Mwanangu, nilimnyamazisha Ngeleja kwa ajili yako.

Ulipofika juma lililopita ulinimiminia chai, ukamimina nje ya kikombe, ukacheka. Ulipotunga sindano ulifumba jicho moja. Kila ukigeuka kutazama mlango unakunja uso, linauma ukiligeuza, sivyo? Ukaniambia ni vumbi la karasha. Nikakuuliza kama miguu ni mizima, ukanijibu kwa utani, "Mama, maradhi ya nyumba hii niliyaacha hapa nilipoolewa, ng'ombe walishanitoa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka na wewe, halafu usiku wote nikawa naihesabu ile chai na ile sindano. Ng'ombe walikutoa kwenye nyumba yangu, mwanangu. Tumboni mwangu hawakukutoa. Kijiji kizima kimekaa kinamwogopea kijana ambaye hana hata chembe, na wewe uliyenyonya, wewe wa damu, hakuna aliyekutazama mara mbili kwa sababu hesabu yetu ilikufuta siku ya harusi.

Huenda nimekosea. Wawili au watatu katika mia, nimewaambia, na huenda kweli ni vumbi na mimi ni kikongwe mwoga. Tutaona. Waisiko, simama hapo mlangoni penye mwanga. Agustina, kanga ya wifi yako ina rangi gani? Nyekundu. Vizuri. Sasa funika jicho la kushoto utazame kwa la kulia. Nyekundu ileile. Haya, funika la kulia. Utazame kwa la kushoto tu.

Inaonekanaje?

Sema, mama yangu. Usione haya. Sema kwa sauti, wasikie.

Imepauka. Mmesikia? Amesema imepauka kama kanga iliyoanikwa mwaka mzima. Na yangu ilikuwa hivyohivyo, nyekundu ilikuwa ya kwanza kunikimbia, na sikujua ni ishara, nikaenda kuchuma majani. Nipe mkono. Sikiliza nikuambie alichoniambia daktari, ndilo neno nililolibeba kutoka Mwanza kama yai. Alisema kwangu nilichelewa, nilikula mizizi na mbuzi miaka mingi mno, lakini kwa anayewahi, jicho likianza tu, ziko dawa za kulituliza, na ziko nyingine za kuuzuia ugonjwa usikimbie. Unaweza kutembea. Unaweza kuwakuza wanao ukiwa umesimama. Na wanao nao wasitazamwe kwa jicho baya, hatari kwao ni ndogo zaidi kuliko kwako. Lakini uwahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ndio huo ukuta, nitazame.

Wangwe, simama. Unamwona shangazi yako? Ng'ombe wake ndio waliomleta mama yako hapa. Asingeolewa yeye, wewe usingekuwepo, ungekuwa mtoto wa watu wengine mahali pengine, unaitwa jina lingine. Basi ng'ombe mmoja arudi kwake. Yule fahali mweusi uliyemtenga kwa ajili ya mahari, mtoe. Method atasubiri. Mnada ni kesho, ukianza kutembea sasa hivi utafika kesho kabla ya jua kuwa kali, umuuze, umpandishe shangazi yako gari la Mwanza, na usimwachie mpaka umemkabidhi kwa daktari Juliana. Mwambie ni binti wa Wankuru. Wa kumzaa.

Najua unachotaka kusema. Utasema, bibi, unaondoka, nitatokaje? Nami ndiyo maana nasema utoke sasa. Nikikata roho mkiwa ndani ya boma hili, mila itawafunga wote wawili. Mrithi hatoki mpaka kaburi likauke, na binti wa marehemu hukaa mkekani mpaka wazee waseme inuka, na wazee wa hapa hawana haraka, wanapenda nyama ya matanga. Jicho halisubiri matanga. Nendeni nikiwa napumua, ili msiwe mmevunja kitu.

Na udongo... nimeufikiria na udongo. Mrithi ndiye anayetupa udongo wa kwanza, asipokuwepo mtu atauliza baadaye, alikuwa wapi? Waisiko, leta lile karai. Asubuhi nilikutuma uchote udongo shambani, juu kabisa ya mwamba. Chota, Wangwe. Fungua shuka, mwaga miguuni pangu. Usiogope, miguu hii haisikii. Mwaga. Kornelio, tazama vizuri, na ninyi wengine wote. Huyu ni mrithi wangu, na huo ndio udongo wake wa kwanza. Siku mtakaponizika... utakaofuata ni wa wote.

Mnizike upande wa zizi. Siyo upande wa maduara, mashimo ya wachimbaji, makelele yamenitosha.

Lete kibuyu, Waisiko, unishikie niwabariki. Maziwa... midomo hainitii... nitawapulizia kidogo, tone litakalowafikia limewafikia. Agustina, Mungu akuachie macho yako, uyaone mazao ya tumbo lako. Wangwe, nyumba yako iwe na moto na makelele ya watoto. Waisiko, wewe hukuwa damu yangu na hakuna damu iliyonishika hivi... miguu yako isichoke. Kornelio, na wewe. Na wewe pia. Msishikiane mapanga kwa ajili ya mawe yanayometa. Mpendane.

Sasa nendeni. Agustina, usirudi nyuma kunibusu tena, tumeshaagana. Mkono wangu hausikii siku nyingi, lakini najua ni wewe uliyeushika. Uachie. Fahali anawasubiri, Wangwe, kamfungue.

Wamepita lango? ... Bado? ... Sasa je?

Waisiko. Mtu aliye njiani akisikia kilio kwao, lazima arudi. Ndiyo mila. Mpelekee Ngeleja neno... mwambie bibi amemaliza, ashukuriwe... awashe karasha. Mwambie asiizime mpaka jioni. Ukitaka kulia, mwanangu, usubiri ivume kwanza.